Tsukemen ni Chakula cha Kibandaski, Tuache Kujidanganya

Wacha niseme hii kitu mapema ili wenye kukasirika wakasirike wakiwa bado na chaji. Ile mikahawa ya Kijapani ya Nairobi tunayoenda kupigia picha, tukikaa kama watu walioomoka, inauza vyakula vingi ambavyo kwao ni vya kibandaski. Na tsukemen, zile tambi za kuchovya, ndizo kibandaski kabisa. Siitukani. Kwangu hiyo ni sifa. Shida yangu ni sisi wasee wa Wendani, Sukari, Githurai, Ruiru na Juja. Tunalipa pesa nyingi kusifu kuchovya kwa wengine, halafu tukirudi mtaani tunakula chapo na supu tukiangalia nyuma kama kuna mtu ametoa simu.

Kama hujawahi kusikia tsukemen, usijione mshamba, wengi hawajawahi. Jina lenyewe ni rahisi: "tsuke" ni kuchovya, "men" ni tambi. Hapa Wendani tambi zote tunaziita Indomie hata kama pakiti ni ya kampuni nyingine, lakini hizi si zile za dakika mbili. Ni nene, karibu unene wa kamba ya kiatu. Zinachemshwa, halafu zinaoshwa kwa maji baridi mpaka ule utelezi wa wanga unatoka, kisha zinawekwa kwa bakuli zikiwa kavu. Supu inakuja kando, kwa bakuli dogo, ikiwa moto na nzito kama mchuzi uliosahaulika jikoni. Unashika tambi chache, unachovya, unavuta kwa mdomo. Na kuvuta kwa kelele ni ruhusa, hakuna mtu atakukodolea macho.

Kule Tokyo hizo sehemu si za kuvalia. Nyingi ni chumba kidogo, kaunta moja, viti vichache. Mlangoni kuna mashine, unaweka pesa, inakupa tikiti ya chakula unachotaka. Unakaa, unampa mpishi tikiti, unakula, unatoka mwingine akae. Maduka mengi yanakupa tambi za kawaida au nyingi kwa bei ileile, uamuzi ni wa tumbo lako. Wanaokula hapo ni watu wa ofisini wenye dakika chache, wanafunzi, madereva, watu wa mjengo. Sasa niambie, ukitoa hiyo mashine ya tikiti, hapo ni wapi? Hapo ni stage ya Wendani saa saba mchana.

Mimi hii kitu niliielewa mwezi uliopita. Tulienda watatu kwa mkahawa mmoja wa Kijapani huko upande wa Westlands, mimi nikiwa na tripodi yangu kama kawaida. Tsukemen ilikuwa kwa menyu, shilingi 1,600 bakuli, kabla hata ya maji. Chakula kikaletwa, na rafiki yangu, bila kufikiria mara mbili, akainua ile supu akitaka kuimwaga yote juu ya tambi. Mhudumu, kijana wa rika letu, akainama akasema polepole, "Boss, usimwage. Hiyo ni kama chapo na supu. Chovya." Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Lakini nilipomaliza kucheka nikabaki na swali: kama ni kama chapo na supu, mbona nimepanda mathree mbili, nikavaa viatu vya kukopa, na nikalipa siku kumi na sita?

Naam, siku kumi na sita. Hapa mtaani chapo mbili na madondo ni shilingi 100. Bakuli moja la Westlands ni lanchi yangu ya wiki mbili na siku mbili juu.

Na chakula kilikuwa kitamu, nisidanganye. Tambi zinarudisha jino, supu ina ladha ya samaki mkavu na mifupa, na mwisho kuna kitu kilinimaliza kabisa. Ukimaliza tambi, ile supu iliyobaki ni nzito sana kuinywa. Unaomba uongezewe mchuzi mwepesi wa moto, unakoroga, unakunywa yote. Wenyewe wanaita sūpu-wari. Yaani mtu amekaa Tokyo na shati lake la ofisi, anainua bakuli, anasema niongezee supu. Manze! Hiyo sentensi sisi tumeisema tangu tukiwa wadogo. "Mathe, niongezee supu." Na Mathe huongeza, na hajawahi kuniandikia bili ya supu.

Sasa sikizeni hii chakula ilitoka wapi, ndiyo mjue situngi.

Kulikuwa na kijana anaitwa Kazuo Yamagishi, amezaliwa 1934. Alianza kazi ya jikoni akiwa kijana mdogo. Huko jikoni wafanyakazi walikuwa wanakula kile kilichobaki: tambi zilizobaki kwa kichujio, wanachovya kwa kikombe chenye supu na sosi ya soya kidogo. Chakula cha wafanyakazi, cha kula ukiwa umesimama. Wateja wakaona, wakauliza, hicho mnakula nini? Mbona sisi hatupewi? Yamagishi akakaa chini akakitengeneza vizuri, akasawazisha ladha, na mwaka 1955, kwenye duka la Taishoken pale Nakano, Tokyo, kikaingia kwa menyu. Piga hesabu ya miaka yake mwenyewe. Alikuwa rika letu. Mwaka 1961 akafungua duka lake Higashi-Ikebukuro, na foleni ikaanza kuzunguka kona.

Kitu kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuficha mapishi yake. Alifunza vijana zaidi ya mia, akawaacha watumie jina la duka, wakaenda kufungua yao. Ndiyo maana leo tsukemen iko kila mahali Japani na hata huko kwingine. Mabaki ya jikoni yakawa chakula cha taifa kwa sababu mtu mmoja aliyaheshimu, na wateja wakakubali kupanga foleni mbele ya mlango mdogo bila aibu.

Turudi kwetu. Nani alianzisha smocha? Nauliza kwa ukweli. Nani wa kwanza alichukua smokie, akaiweka ndani ya chapo na kachumbari, akakunja? Wanafunzi wa vyuo vya Kenya wamekula smocha wakasoma nayo, wakafanya mitihani nayo, wengine wakaachana na vyuo nayo, mimi mmoja wao. Lakini jina la huyo mtu hatulijui. Mwaka hatuujui. Stage hatuijui. Wajapani wanajua jina, mwaka na mtaa wa mtu aliyechovya tambi, sisi hatujui aliyetulisha juzi tu hapa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa niliyoiona kati ya bakuli la 1,600 na sahani ya 100. Ladha hazijaachana sana. Kilichoachana ni heshima.

Mtu atasema, wewe acha mchezo, mapishi ya Kijapani yana utaalamu. Sawa, tuongee utaalamu.

Tambi za ramen na tsukemen zina rangi ya manjano na zinavutika kwa sababu unga wa ngano unakandwa na maji yenye chumvi fulani ya alkali. Wanaiita kansui. Ndani yake mna sodiamu kaboneti. Sasa ukitoka hapa ukapita Nairobi ukashuka Kajiado, kuna Ziwa Magadi, na hiyo sodiamu kaboneti imechimbwa pale zaidi ya miaka 100. Bibi zetu wanaijua kama magadi. Wanaweka kidogo kwa maharagwe na githeri zilainike haraka, wanaweka kwa mboga za kienyeji zisiwe ngumu. Ajabu ni kwamba kwenye maharagwe inalainisha, kwenye unga wa ngano inakaza. Kitu kilekile, kazi mbili. Bibi yako ana nusu ya huo utaalamu kwa kopo la zamani la mafuta, hajawahi kuitwa mpishi.

Supu nayo? Kuna supu nyingi za ramen na tsukemen zinazopikwa kwa mifupa na samaki wadogo waliokaushwa, wanaitwa niboshi. Ni jamii ya dagaa. Ukienda soko la Githurai, omena wako wamemwagwa kwa gunia, unapimiwa kwa mkebe. Mifupa iko kwa bucha, nusu ya wakati muuza nyama anakuongezea bure ukinunua robo.

Nilijaribu nyumbani, kwa hiyo siongei hewa. Chukua spageti za kawaida. Chemsha maji, lita moja kwa vijiko viwili vidogo vya bekingi soda. Yatatoa povu, punguza moto. Zikiiva, zioshe kwa maji baridi mpaka ziache kuteleza. Zitakuwa za manjano na zitavutika, si kama za Westlands lakini binamu yao. Supu: mifupa ichemke masaa manne hivi, jiko la makaa ndilo la kukuokoa maana gesi itakumaliza. Omena watoe vichwa, wakaange bila mafuta mpaka wanukie, watumbukize. Kitunguu, tangawizi, sosi ya soya. Iache ipungue mpaka iwe nzito, na chumvi iwe juu kidogo kuliko unavyozoea, kwa sababu tambi hazina chumvi na unachovya tu. Tulikula watu watatu tukashiba kwa chini ya shilingi 500. Mmoja wetu haguzi omena tangu zamani, na alilamba bakuli.

Na tusijifanye kwamba Japani ni sayari nyingine. Iko Juja. JKUAT ilianza mwaka 1981 kama chuo kilichojengwa kwa msaada wa serikali ya Japani, wengi wenu mmesoma pale bila kujiuliza. Mwaka 2013 hicho chuo na Nissin, ile kampuni iliyotoa tambi za kwanza za papo kwa papo mwaka 1958, wakaanzisha kampuni ya pamoja ya tambi hapa Kenya. Kwa hiyo barabara ya Thika na tambi za Kijapani wamejuana kitambo. Kujuana si shida. Shida ni nani anapewa kiti kizuri.

Pia msinisome vibaya mkadhani nasema tukae na vya kwetu tu. Chapo yenyewe si ya kwetu kwa kuzaliwa. Ilikuja na Wahindi, na reli ikaipeleka bara, leo ukimwambia Mkenya chapo ni ya kigeni anaweza kukupiga. Chakula kinasafiri, na hiyo ndiyo raha yake. Nenda Westlands, nenda Kilimani, kula tsukemen kama una pesa. Huo mkahawa una kodi ya kutisha, unaagiza vitu kutoka mbali, unalipa wafanyakazi. Bei yao siilaumu. Nalaumu macho yetu.

Nieleze macho ninamaanisha nini. Mimi naishi kwa hizi video. Sina digrii, sina mshahara, nina simu na tripodi. Mwezi huohuo kampuni moja ilitaka kunipa kazi ya video za chakula. Nikawatumia mbili: moja ya tsukemen, moja ya Mathe wa hapa Wendani, akikanda chapo saa kumi na mbili asubuhi, mvuke ukipanda, mstari wa watu wa mjengo na wanafunzi wa KU wakingoja. Ile ya Mathe ndiyo ilikuwa kali, na siongezi chumvi. Wakachukua ya kwanza. Ya pili wakasema haiendani na wateja wao, na kama nataka mkataba, niishushe kabisa kwa ukurasa wangu. Sikuishusha. Kodi ya nyumba nililipa tarehe kumi na nane, na keateka wangu hajanisamehe mpaka leo.

Sitafuti pole. Nawaambia ili muone vile inafanya kazi. Wakituambia chakula chetu kina aibu, hawasemi kwa mdomo. Wanasema kwa pesa. Na sisi tunasaidia, kwa sababu video ya bakuli la kigeni tunaipenda na kuituma, ya chapo madondo tunaipita.

Kuna mwenye atasema, lakini vibandaski ni vichafu. Hiyo hoja siikimbii. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza 2022 ulifika kaunti nyingi za hii nchi, na watu walikufa. Usafi si mchezo wa matajiri. Lakini angalia shida iko wapi. Mathe ananunua maji kwa mitungi, kila mtungi kwa pesa. Choo ni cha jirani. Taka anabeba mwenyewe. Na bado anachemsha maji ya kunywa na anafunika vyakula. Mpe bomba, mpe mahali pa kumwaga maji machafu, mkague kila mwezi, halafu akishindwa mfungie. Kumkagua mtu kwa tingatinga si afya ya umma.

Maana hilo ndilo linakuja. Kwa ukuta wa mabati ya Mathe kuna X nyekundu. Iko pia kwa fundi wa viatu, kwa muuza matunda, kwa yule jamaa wa mutura. Ni ardhi ya barabara, ndivyo wanaambiwa, na inawezekana ni kweli. Lakini hakuna aliyewaambia wataenda wapi.

Duka la Yamagishi nalo lilibomolewa, ndiyo. Mwaka 2007 lile la Higashi-Ikebukuro lilifungwa kupisha majengo marefu. Siku ya mwisho watu walipanga foleni ndefu kuliko siku yoyote, kumuaga, na ikawa habari ya taifa. Mwaka uliofuata likafunguliwa tena karibu na pale, likiendeshwa na mwanafunzi wake. Yamagishi alifariki mwaka 2015. Mji ulijenga maghorofa yake na bado ule mlango mdogo ukapata pa kwenda, kwa sababu kila mtu alijua nini kingepotea.

Sisi siku ya tingatinga hatutakuwa na foleni. Tutakuwa na video ya sekunde thelathini ya mabati yakianguka, maneno ya "inauma sana", halafu kesho yake tutatafuta chapo kwingine. Na hiyo chapo itakuwa ya duka lenye taa na vioo, bei mara tatu, supu unalipia.

Na daftari je? Wengi wenu mnajua daftari ninalosema. Lile la mistari, jalada limechanika, majina ya watu na deni mbele. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kwa wiki kadhaa sikuwa na kitu, na jina langu lilikuwa kwa hilo daftari likijaza ukurasa. Hakuwahi kuniuliza mbele ya watu. Alikuwa anasema tu, "Kula kwanza, hesabu ni baadaye." Mwaka 2022 bei ya ngano ilipopanda na vita vya Ukraine, hakupandisha bei ya chapo. Aliipunguza upana kidogo, akatuambia ukweli, na tukaelewana. Mkahawa wenye menyu ya ngozi hauwezi kufanya hivyo, hata kama una roho safi.

Mwaka 2021 UNESCO iliitambua Kenya kwa kazi ya kulinda vyakula vyake vya asili, mboga zile za kienyeji ambazo vijana walikuwa wanazicheka. Inamaanisha tukiamua, tunaweza. Lakini hatuhitaji kungoja mtu wa Paris atambue kibandaski. Sisi ndio tunakula pale.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu, vidogo tu. Kwanza, lipa daftari lako, leo kama una kitu. Pili, ukiwa na simu ya kupiga picha bakuli la Westlands, uwe nayo pia kwa kibandaski, ukiomba ruhusa kwanza, na upige vizuri, mwanga wa asubuhi ni bure. Tatu, muulize anayekupikia alijifunza wapi na alianza mwaka gani. Andika. Miaka hamsini ijayo mtu akiuliza nani alianza, jibu liwepo.

Basi andikeni hapo chini: stage gani, chakula gani, kinaiva saa ngapi. Mimi naanza. Wendani, chapo madondo, anafungua saa kumi na mbili asubuhi, madondo yanaisha kabla ya saa nane, na supu unaongezewa bure. Nendeni mapema, X bado iko kwa mabati.